Barua ya wazi kwa Mwakilishi wetu Washington: upande wa mashariki nao uingie kwenye orodha yako

Kwa Mheshimiwa Mjumbe wa Baraza la Wawakilishi la Marekani,
Wilaya yetu ya uchaguzi,
Ofisi ya hapa mjini na ofisi ya Washington.

YAH: OMBI LA FEDHA ZA SERIKALI KUU KWA NJIA YA WAENDA KWA MIGUU, TAA NA MIFEREJI YA UPANDE WA MASHARIKI

Mheshimiwa,

Husika na kichwa cha barua hapo juu.

Tunakuandikia hadharani kwa sababu njia ya faragha imegonga mwamba. Fomu ya kwenye tovuti yako tuliijaza. Simu tulipiga. Ofisi yako ya hapa mjini tulifika, tukapokelewa kwa heshima, tukapewa maji ya kunywa na kadi ya msaidizi wako, tukaambiwa tutapigiwa. Msimu wa maombi ukafungwa, orodha yako ya miradi unayoiombea fedha Washington ikatoka, sisi wa mashariki ya reli hatumo, na mpaka leo hakuna aliyetuambia kwa nini. Kukataliwa tungekubali, tukajipanga upya. Kunyamaziwa hakumpi mtu pa kuanzia.

Nakala ya Kiingereza ya barua hii imeshafika ofisini kwako na kupigwa muhuri wa kupokelewa. Hii ya Kiswahili ni kwa ajili ya wenzetu, maana ombi linapelekwa kwa jina lao, na wana haki ya kujua tumeomba nini, kwa utaratibu gani, na tumejibiwaje.

Sisi ni nani, unafahamu kwa juujuu, kwa kuwa umewahi kupiga picha na watoto wetu wakicheza ngoma kwenye sherehe ya jiji. Wengi wetu asili yetu ni Kongo, hasa Fizi, Uvira na Baraka, na tulipita kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma, Tanzania, kabla ya kufika huku. Wapo Warundi, wapo Watanzania na Wakenya waliokuja kusoma wakabaki. Katika mwaka wa bajeti wa 2016 Kongo ndiyo iliyoongoza kwa idadi ya wakimbizi waliopokelewa Marekani, zaidi ya 16,000. Mwaka wa 2024 ikaongoza tena, karibu 20,000 kati ya watu 100,000 na ushee. Tangu Januari 2025 mlango huo umesimamishwa, lakini waliokwisha kuingia wako hapa. Wanakodi nyumba, wanakata nyama kiwandani, wanasafisha hospitali, wanalipa kodi.

Barabara tunayoizungumzia unaijua, kwa kuwa mabango yako ya kampeni husimikwa pale kwenye kona ya kituo cha mafuta. Ina njia nne, mwendo unaoruhusiwa ni maili 45 kwa saa, na sehemu kubwa haina njia ya waenda kwa miguu upande wowote. Kuna mstari mweupe, halafu changarawe, halafu mtaro. Basi la jiji linashusha watu kwenye majani. Wakati wa baridi, gari la kusukuma theluji likishapita, rundo lote linabaki pale pembeni ambapo mtu angekanyaga, kwa hiyo anashuka barabarani kupambana na magari. Shifti ya pili ya kiwanda cha nyama inatoka karibu na saa sita usiku, wakati mabasi yameshalala. Asiyepata lifti anatembea. Utawaona kina mama wamewasha tochi za simu, wengine wamebaki na vile vizibao vya njano vya kazini makusudi, ili dereva awaone kabla hajawafikia. Asubuhi barabara ileile ni ya watoto wanaokwenda kusubiri basi la shule, na ya mama anayesukuma kigari cha mtoto magurudumu mawili juu ya lami, mawili kwenye changarawe. Nchi nzima, mwaka 2022, waenda kwa miguu zaidi ya 7,500 waliuawa na magari, wengi wao gizani. Hatuhitaji mtaalamu wa kutueleza takwimu hiyo inatoka kwenye barabara za namna gani.

La pili ni maji. Mji wetu ni miongoni mwa miji karibu 700 ya nchi hii ambayo bomba la maji ya mvua na bomba la majitaka ni moja. Mvua kubwa ikishuka bomba linazidiwa, na kilichomo kinarudi kwenye nyumba zilizo chini, kupitia lile tundu la sakafu ya besimenti. Upande wa mashariki ndio ulio chini. Watu wanaolala besimenti ni wale wasiomudu ghorofa ya juu, na godoro likishalowa maji yale halianikwi, linatupwa.

Haya yote si siri kwa jiji. Njia ya waenda kwa miguu imo kwenye mpango wa jiji wa miradi mikubwa, michoro ya awali ipo kwa mhandisi, na tuliishika mkononi. Kinachokosekana ni fedha.

Hapa naomba, Mheshimiwa, niwageukie wasomaji kidogo, kwa kuwa wengi wananiuliza: kwani mbunge si ana mfuko wake? Huko kwetu ndivyo tulivyozoea. Kenya kuna NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa majimbo, ambao sheria inautengea angalau asilimia 2.5 ya fungu la mapato la serikali kuu, ingawa Septemba 2024 Mahakama Kuu ilitamka kwamba sheria hiyo ya 2015 inakwenda kinyume cha katiba na kuipa mpaka tarehe 30 Juni 2026. Tanzania kuna Mfuko wa Jimbo, chini ya sheria ya 2009. Marekani mjumbe hana mfuko. Ana nafasi ya kuomba. Anaiandikia Kamati ya Matumizi ya Baraza la Wawakilishi akitaja mradi, mpokeaji, anwani yake na kiasi. Kamati ikiridhika, mradi unaingia katika mmoja wa miswada 12 ya bajeti. Mswada ukipita mabaraza yote mawili na kusainiwa na Rais, fedha zinakwenda wizarani, na wizara inasaini mkataba na jiji. Mjumbe hazishiki hata senti. Maseneta nao wana utaratibu wao unaofanana na huo.

Mambo hayo yalisimamishwa mwaka 2011 kwa sababu nitakazozigusa mbele, yakarudishwa 2021 kwa ajili ya bajeti ya 2022, na upande wa Baraza la Wawakilishi yanaitwa Community Project Funding, yaani fedha za miradi ya jamii. Bajeti ya 2022 ilibeba miradi 4,963 yenye thamani ya dola bilioni 9.1. Ya 2023 ilibeba miradi 7,234, dola bilioni 15.3. Ya 2024 ilipita miradi 8,000. Kila mjumbe aliruhusiwa maombi 10 mwanzoni, kisha 15.

Maombi 15 kwa wilaya yenye watu kama 760,000. Ni machache, tunajua. Lakini uchache huo ndio unaofanya kila jina kwenye orodha yako liwe uamuzi wako, wenye sahihi yako, na uamuzi wa namna hiyo una haki ya kuulizwa. Tunauliza haya:

1. Taarifa inatufikia mlango ukiwa umefungwa.

Kamati huko Washington inatoa mwongozo wake, na ofisi yako inaweka tarehe yake ya mwisho mapema zaidi ili ipate muda wa kuchambua. Hilo tunalielewa. Ila tangazo lenyewe linakaa kwenye ukurasa wa ndani wa tovuti kwa majuma machache, kwa Kiingereza peke yake, halafu linaondoka. Taasisi kubwa hazipati shida, kwa kuwa zina mtu analipwa kukesha akingoja tangazo hilo. Sisi tulilisikia kwa padri, naye alilisikia kwa mtu wa chuo. Ofisi yako hiyohiyo wakati wa uchaguzi ilituma vipeperushi vya Kiswahili mpaka kwenye duka la samaki wakavu. Njia ya kutufikia mnaijua.

2. Orodha yako inavuka reli mara moja tu, tena kwa bahati.

Maombi yako yote yako hadharani, kama kanuni zinavyotaka, na tumeyasoma moja baada ya jingine. Kuna kituo cha zimamoto, kuna uwanja mdogo wa ndege, kuna jengo la maabara la chuo, kuna vifaa vya polisi, kuna barabara ya kuingilia eneo jipya la maghala. Hatusemi havistahili. Zimamoto huja na kwetu. Lakini ukiitandaza orodha juu ya ramani, mashariki ya reli kuna kitu kimoja, nacho ni bomba linalopita tu kuelekea kwingine. Ofisi yako inaweza kusema inapokea maombi yanayoletwa, na kwamba haiwezi kumwombea asiyeomba. Sawa, lakini sisi tuliomba. Na kanuni za kamati zinamtaka mjumbe aonyeshe ushahidi kwamba jamii inaunga mkono mradi. Wa kwetu ulikuwa na barua ya mwalimu mkuu wa shule ya msingi, barua ya shirika la mabasi, barua za makanisa matatu na msikiti, na sahihi za wakazi kurasa kwa kurasa. Ningependa kujua maghala yalileta sahihi za nani.

3. Sababu tulizopewa kwa mdomo zinapingana zenyewe kwa zenyewe.

Hili ndilo lililotuchosha kuliko yote, kwa hiyo nitalieleza kirefu kidogo.

Kwanza tuliambiwa kwamba sisi ni chama kisicho cha kiserikali, na vyama hivyo haviruhusiwi. Kuna ukweli ndani yake. Aprili 2024 mwenyekiti wa Kamati ya Matumizi, Tom Cole wa Oklahoma, alitangaza kuwa vyama visivyotengeneza faida havitaombewa tena fedha za maendeleo ya kiuchumi kupitia Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji. Ni kwa sababu hiyo tuliliondoa ombi letu la ukumbi wa jamii, na hatulirudishi katika barua hii. Lakini njia ya waenda kwa miguu haiombewi na chama. Mwombaji ni jiji, mwenye barabara, na fungu lake ni la barabara kuu, wala haligusi lile lililozuiwa. Mifereji inaombewa kupitia fungu la maji la Shirika la Mazingira la serikali kuu, EPA, mwombaji akiwa jiji vilevile. Jambo hili tulilieleza kwenye fomu, ukurasa wa kwanza.

Tukaambiwa basi, jiji lilete ombi. Tukaenda kwa jiji. Jiji likasema halitumii muda wa wahandisi wake kuandaa ombi mpaka ofisi ya mjumbe ionyeshe nia. Tukarudi kwako. Ofisi yako ikasema haiwezi kuonyesha nia kwa ombi ambalo haijaliona. Na sisi tupo katikati, kama mpira wa makaratasi unaopigwa danadana. Mtu yeyote mwenye mamlaka angeweza kulimaliza kwa simu moja ya dakika kumi kati ya msaidizi wako na meneja wa jiji. Simu hiyo haikupigwa. Kama ilipigwa, tuambiwe ilipigwa lini na kilisemwa nini.

Mwisho tukaambiwa tusijisumbue, kwa sababu fedha zenyewe hazina uhakika: mwaka 2025 miradi yote ilifutika. Ni kweli tena. Machi 2025 Kongresi ilishindwa kukubaliana bajeti mpya, ikapitisha sheria ya kuendeleza matumizi ya mwaka uliopita mpaka mwisho wa mwaka wa bajeti, na miradi ya wajumbe ikaachwa nje yote, ya vyama vyote viwili. Jiji letu halikuwa na mradi wa kupoteza, lakini tulisikitika na wenzetu. Swali ni moja: wajumbe walifanya nini baada ya hapo? Wengi waliyarudisha maombi yaleyale msimu uliofuata. Na wewe uliyarudisha ya kwako, Mheshimiwa, lile la maghala likiwemo. Haiwezekani fedha zikawa hazina uhakika mashariki ya reli na zikawa na uhakika magharibi yake.

4. Kuelekezwa kwenye ruzuku za ushindani.

Tumepewa ushauri huu kwa nia njema, naamini, na mtu ambaye hajawahi kuandika ombi la ruzuku ya serikali kuu. Kuna usajili wa serikali unaochukua majuma, kuna tathmini ya mazingira, kuna uchambuzi wa gharama na faida, kuna mchango wa mwombaji. Miji mikubwa inaajiri kampuni za ushauri kwa kazi hiyo. Na hata anayeshinda hana usalama: mwaka 2025 Shirika la Mazingira lilifuta ruzuku nyingi zilizokuwa zimeshatolewa kwa jamii kama zetu. Mradi uliotajwa kwa jina ndani ya sheria ya bajeti angalau una sheria ya kuusimamia.

Tusieleweke kwamba tunadhani fedha za mradi wa jamii ni za mteremko. Tumesoma. Fungu la maji linadai jiji lichangie angalau asilimia 20. Fedha za barabara mara nyingi jiji linalipa kwanza halafu linarudishiwa. Sheria ikishasainiwa, mkataba na wizara unaweza kuchukua mwaka na zaidi kabla koleo halijagusa udongo. Ndiyo maana kila msimu unaopita bila ombi ni majira mengine kadhaa ya baridi kwa wale wa shifti ya pili.

5. Lile ambalo hakuna anayelisema mezani.

Linasemwa pembeni, na limetufikia: kwamba upande wa mashariki haupigi kura. Nitalijibu bila hasira. Wapo kwetu wasiopiga kura kwa sababu hawajawa raia, maana mkimbizi anaruhusiwa kuomba uraia baada ya miaka mitano. Wapo waliokwisha kuapa, nao wanapiga. Lakini tuseme asipige hata mmoja. Marekebisho ya 14 ya Katiba yanataka viti vya Baraza la Wawakilishi vigawanywe kwa kuhesabu idadi kamili ya watu katika kila jimbo, na watu maana yake watu. Mwaka 2020 tulihesabiwa. Vijana wetu walizunguka nyumba kwa nyumba wakiwaelewesha wazee wasiogope karani wa sensa. Sisi tumo ndani ya zile 760,000 zinazokupa kiti. Mwaka 2016, katika kesi ya Evenwel dhidi ya Abbott iliyotoka Texas, Jaji Ruth Bader Ginsburg aliandika kwa niaba ya Mahakama ya Juu kwamba wawakilishi wanawatumikia wakazi wote, si wale tu wenye sifa ya kupiga kura au waliojiandikisha. Na haki ya kuipelekea serikali malalamiko imo kwenye Marekebisho ya Kwanza, haikuwekewa sharti la kadi ya mpiga kura. Barua hii ni matumizi ya haki hiyo.

6. Kisingizio cha rushwa.

Baadhi ya wenzako hawaombi mradi wowote kwa sababu ya msimamo. Wanakumbusha daraja la Ketchikan kule Alaska, lililotengewa dola milioni 223 mwaka 2005 kwenda kisiwa chenye watu wa kuhesabika. Wanamkumbusha aliyekuwa mjumbe Randy Cunningham wa California, aliyekiri mwaka huohuo kula rushwa ya dola milioni 2.4 na akafungwa. Wana haki ya kukumbusha. Lakini utaratibu wa leo hautoi fedha kwa kampuni ya biashara, mjumbe anatia sahihi kwamba yeye na familia yake hawana maslahi, maombi yanawekwa hadharani, na Ofisi ya Uwajibikaji wa Serikali, GAO, inafuatilia. Na wewe si miongoni mwa wasioomba. Unaomba kila msimu. Kwa hiyo msimamo huo, hata tungeuheshimu, hauwezi kuwa jibu lako kwetu.

Sasa tunachoomba.

Tunaomba njia ya waenda kwa miguu, vivuko vyenye taa na vibanda vya kituo cha basi katika barabara hiyo viwe mojawapo ya maombi yako msimu ujao, jiji likiwa mwombaji. Hili ndilo ombi letu la kwanza. Kama nafasi ni moja tu, iwe hiyo. Mifereji ni ombi la pili. Tunafahamu gharama yake inazidi kile ambacho mradi mmoja wa mjumbe unaweza kubeba, kwa hiyo tunaomba angalau fedha za usanifu wa kuitenganisha mvua na majitaka katika mitaa ile ya chini kabisa.

Tunaomba msaidizi wako anayeshughulikia maombi haya akae meza moja na meneja wa jiji, mhandisi wa jiji na watu wawili kutoka kwetu, kabla fomu hazijafunguliwa. Wao kwa wao wakubaliane nani anaanza.

Tunaomba tarehe za msimu zitangazwe mapema, kwa Kiswahili, Kihispania na lugha nyingine zinazosemwa wilayani, na zibandikwe mahali watu walipo: kiwandani, kliniki, makanisani, misikitini, maktaba. Kutafsiri tutajitolea, bila malipo.

Tunaomba kila mwombaji aliyekosa nafasi aandikiwe sababu. Aya moja yatosha. Mwaka huu anza na sisi.

Na tunaomba uje. Isiwe tena kwenye ngoma. Njoo usiku shifti inapotoka, tuitembee ile barabara pamoja kutoka geti la kiwanda mpaka kwenye nyumba za kupanga. Kizibao cha njano tutakuazima.

Kama jibu ni hapana, tunalihitaji pia, kwa maandishi, na sababu zake, ili tuwaendee maseneta wetu wawili mapema, maana wao hawana ukomo wa maombi 15 na kanuni zao si zilezile za Baraza la Wawakilishi. Tutakachokipata kwako, kiwe ndiyo au hapana, tutakisoma kwa Kiswahili kwenye mkutano wa wakazi Jumapili ya kwanza baada ya kukipokea. Tusipopata kitu, hilo pia litasomwa.

Ahsante kwa muda wako.

Wako katika utumishi wa jamii,

Katibu,
kwa niaba ya kamati ya wakazi wa upande wa mashariki

Nakala:
Maseneta wetu wawili
Meya na wajumbe wa baraza la jiji
Meneja wa jiji
Mhandisi wa jiji
Ubao wa matangazo, duka la samaki wakavu